Nilipandisha limiti ya faili, seva ikafa tena siku ya tisa

Tatizo lilianza kama la DNS, ile inayogeuza jina la seva kuwa anwani, au ndo tulivyodhani. Tulikuwa na programu tumeiandika wenyewe kwa lugha ya Go, inapokea maombi ya watu, katikati hapo inaenda kuuliza huduma nyingine ya ndani, afu inarudisha jibu. Sasa usiku mmoja ikaanza kulalamika kwamba haipati jina la ile huduma, na kwenye grupu kila mtu akawa na lake, huyu anasema badilisheni seva ya majina, yule anasema zimeni firewall, mwingine anauliza nani kagusa mtandao leo. Mimi nikairistati programu, ikarudi, tukalala. Masaa matatu na kitu baadae simu inalia tena.

Safari hii nikasoma logi yote badala ya ule mstari wa mwisho tu, nikakuta huku juu kuna mstari unajirudia rudia:

http: Accept error: accept tcp [::]:8080: accept4: too many open files; retrying in 5ms

Chini yake ule ule, ila mwisho umeandika 10ms, afu 20ms, 40ms, unajidabo hivyo hivyo mpaka ukafika 1s, ukakaa hapo hapo, kila sekunde mstari mmoja. Yaani programu inabisha hodi kwa kerneli (kiini cha Linux), inaambiwa hamna nafasi, inasubiri kidogo, inabisha tena. Haijafa. Ukicheki systemctl status, amri ya kuangalia hali ya huduma, unaona kijani, active (running), kumbe mlangoni watu wamepanga foleni na hamna anayefunguliwa.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, kwenye Linux kila kitu ambacho prosesi (programu ikiwa inaendeshwa) inakifungua kinapewa namba. 0, 1 na 2 huwa zimeshachukuliwa toka mwanzo, kwa ajili ya kuingiza, kutoa na makosa, baada ya hapo faili la logi linapata yake, koneksheni ya databesi yake, na kila mteja anayeingia naye yake, maana soketi (ncha ya koneksheni) nayo inahesabika kama faili. Kila prosesi ina kikomo cha hizo namba na kikomo cha kawaida ni 1024. Zikiisha kerneli inagoma na kurudisha kosa namba 24. Ndo maana DNS ilionekana mbovu, kutafuta jina kunahitaji ufungue /etc/resolv.conf na soketi ya kuulizia, na sisi hatukuwa na namba hata moja iliyobaki. DNS ya watu ilikuwa nzima kabisa.

Basi nikafanya wanachofanya wote. Nikaandika ulimit -n, amri ya kuona na kubadilisha hicho kikomo, ikajibu 1024. Nikaandika ulimit -n 65536 ikanikatalia, nikaona dawa ni kutanguliza sudo, ya kuendesha amri kwa nguvu za root (msimamizi mkuu), sudo ulimit -n 65536, ikaniambia command not found. Hapo nilikaa kama dakika tano nahisi seva imeharibika, mpaka nilipokuja kuelewa kwamba ulimit siyo programu iliyoko kwenye diski, iko ndani ya shell yenyewe, ile inayopokea amri unazoandika, kwa hiyo sudo inaitafuta haioni. Nikaingia root kwa sudo -i, nikaandika tena, ikakubali. Nikaizima ile huduma, nikaiwasha programu kwa mkono kutoka kwenye hiyo hiyo shell na nohup mbele ili isizimike nikitoka, ikatulia. Nikaandika kwenye grupu "imetatuliwa". Hiyo imetatuliwa ya kwanza.

Siku ya pili jioni mashine ikapigwa reboot kwa sababu ya patch za usalama, huduma ikajiwasha kwa systemd, ile inayowasha na kusimamia huduma za mashine, kama ilivyopangwa, na usiku tukawa tumerudi pale pale. Ambacho sikuwa nakijua ni kwamba limiti inarithiwa. Prosesi ikizaliwa inachukua ya mzazi wake, basi. Niliyoiwasha kwa mkono ilirithi 65536 ya shell yangu, iliyowashwa na systemd ikarithi ya systemd, na shell yangu mimi haihusiki kabisa na mambo ya systemd, hata ningeandika ulimit mara mia.

Raundi ya pili ikawa ni /etc/security/limits.conf. Hii kila ukitafuta msaada utaelekezwa huko, na siyo kwamba ni uongo, ila ni nusu ya habari. Nikaweka mistari miwili, soft na hard, nofile 65536, kwa yuza anayeendesha programu. Nikaingia kama yule yuza, ulimit -n, naona 65536, roho kwatu. Nikairistati huduma. Masaa matatu na kitu, simu.

Hapo ndo nikampigia jamaa mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, kanizidi umri na kanizidi usiku wa kukeshea seva. Nikamweleza yote, kanisikiliza mpaka mwisho hajanikatiza, afu akauliza, "Mdogo wangu, prosesi yenyewe umeiuliza?"

Nikamwambia kaka, nimecheki ulimit, iko 65536.

"Hiyo umeiuliza shell yako. Mimi nakuuliza prosesi. Nenda /proc."

/proc ni folda ambamo kerneli inaonyesha habari za kila prosesi. Nikatafuta PID, yaani namba ya prosesi, ilikuwa 2217, nikaandika cat /proc/2217/limits, na katikati ya ile orodha kukawa na huu mstari:

Max open files            1024                 4096                 files

Aisee. Siku mbili nabadilisha namba huku na kule, na prosesi iko zake na 1024 yake haina habari. Ile ya kushoto ndo limiti laini, ndo inayofanya kazi sa hivi, ya kulia ni ngumu, yaani prosesi ikitaka inaweza kujipandisha yenyewe mpaka hapo lakini siyo zaidi kama haina nguvu za root. Na limits.conf inasomwa na PAM, mfumo wa Linux wa kuhakiki wanaoingia, mtu anapoingia, kwa ssh, kwa su, kwenye terminali. Huduma ya systemd haiingii popote, haina login, haipiti kwa PAM kwa kawaida, kwa hiyo lile faili kwake ni karatasi tu.

Dawa yake fupi. systemctl edit na jina la huduma, inakufungulia faili tupu, unaandika

[Service]
LimitNOFILE=65536

unasevu, unaristati huduma. Usiende kuhariri lile faili la asili lililokuja na paketi, siku ya apdeti litafutwa na lingine na utaanza upya kuhangaika usijue nini kimetokea. Na kama unaandika hilo faili la nyongeza (override) kwa mkono badala ya kutumia systemctl edit basi usisahau systemctl daemon-reload, mimi nimesahau zaidi ya mara moja, unaristati na kuristati na namba haibadiliki unaanza kuichukia dunia. Afu unarudi /proc/PID/limits kuhakikisha, na kumbuka PID imebadilika baada ya kuristati, usije ukasoma ya maiti.

Kuna kitu kingine alinipa yule kaka siku hiyo ambacho nimekitumia sana tangu hapo, prlimit. Kama prosesi iko hai, inaelemewa, na huwezi kuizima kwa sababu kuna watu ndani:

prlimit --pid 2217 --nofile=65536:65536

Ukiwa root inabadilisha pale pale, bila kuristati chochote. Ni dawa ya kutuliza maumivu tu, prosesi ikizaliwa upya imepotea, ila saa nane ya usiku dawa ya kutuliza maumivu ni mali.

Basi programu ikawa na 65536. Sasa kwa kuwa inameza watu wengi zaidi kwa wakati mmoja, nginx, seva ya wavuti iliyokuwa mbele yake ikipokea wateja, nayo ikaanza kulalamika. Kwanza "768 worker_connections are not enough", yaani koneksheni ambazo mfanyakazi mmoja wa nginx anaruhusiwa kushika hazitoshi, maana hiyo 768 ndo ilikuja kwenye konfigi ya paketi na hamna aliyewahi kuigusa. Nikaweka 4096, nginx -t, ikanipa onyo kwamba 4096 inazidi limiti ya faili ambayo ni 1024. Walau hii inasema ukweli mapema. Pale unaongeza worker_rlimit_nofile, limiti ya faili ya nginx yenyewe, inakaa nje ya kile kizuizi cha events, na hesabu yake usiifanye moja kwa moja, kwa sababu nginx ikiwa inapeleka maombi nyuma kila mteja anakula namba mbili, ya kwake na ya koneksheni ya kwenda kwenye programu. 4096 ikijaa upande wa wateja na wa nyuma hujaacha hata ya logi. Mimi naweka mara mbili ya worker_connections na juu kidogo, sijawahi kujuta.

Kabla sijasahau, katikati ya hizo siku kuna ujinga niliufanya ambao nauandika hapa mtu asiurudie. Nilichoka na hizi namba nikaona kwa nini nisimalize kazi, nikaenda kwenye limits.conf nikaweka nyota, yaani kwa yuza wote, hard nofile unlimited. Nikasevu, nikaendelea na mambo mengine. Robo saa haijaisha mwenzangu anauliza mbona ssh inamtoa, anaweka neno la siri linakubalika afu koneksheni inakatika hapo hapo. Wa pili naye hivyo hivyo. Nikajaribu mimi kwenye dirisha jipya, nikatolewa. Kumbe kwa faili hamna kitu kinaitwa bila kikomo, kuna dari ya kerneli, fs.nr_open, ambayo kwa kawaida ni 1048576, na ukiomba kuizidi kerneli inakataa hata kama ni root anayeomba, na PAM kwenye mashine ile ikikataliwa ilikuwa inaona bora isifungue sesheni kabisa. Kilichotuokoa ni dirisha moja la zamani ambalo sikuwa nimelifunga, na ile nyota haimgusi root, kwa hiyo sudo kwenye dirisha lile ilikuwa bado inafanya kazi. Nilifuta ule mstari mikono inatetemeka naogopa mtandao usikatike kwa hizo sekunde kumi. Tangu siku hiyo nikigusa chochote cha login naacha sesheni moja wazi, nafungua nyingine kujaribu, ndo nafunga ya kwanza.

Na kuna mwingine kwenye grupu alikuwa anasisitiza tupandishe fs.file-max. Hiyo ni ya mashine nzima, siyo ya prosesi moja. Ukitaka kujua kama inakuhusu cat /proc/sys/fs/file-nr, utaona namba tatu, ya kwanza zilizotumika, ya mwisho kikomo. Sisi tulikuwa na elfu mbili na kitu dhidi ya milioni moja na nusu, hatukuwa hata karibu. Na kosa lake ni lingine, namba 23, ujumbe wake unamalizia na "in system". Herufi chache tu zinatofautiana lakini ni magonjwa mawili.

Sasa turudi. 65536 ipo, /proc inakubali, nginx imetulia, masaa matatu yakapita, sita, siku nzima. Nikaandika imetatuliwa ya pili, safari hii na maelezo marefu ya kitaalamu kabisa, watu wakanipa dole gumba. Siku ya tisa asubuhi, accept4: too many open files.

Ile asubuhi ndo niliacha kubadilisha namba nikaanza kuhesabu, kitu ambacho ningekifanya usiku wa kwanza tungekuwa tumemaliza kitambo. Nikaristati, nikafungua hii kwenye dirisha la pembeni:

watch -n 60 'ls /proc/31874/fd | wc -l'

Watu wengi hutumia lsof kuhesabu, lsof nzuri kwa kuona majina lakini inaorodhesha na vitu visivyokula namba, kama laibrari zilizopakiwa kwenye memori, unapata hesabu kubwa kuliko uhalisia. Ndani ya fd, folda yenye namba zote ambazo prosesi imezifungua, kila kitu ni kimoja kimoja. Ikaanza 58. Baada ya saa moja, 360. Saa ya pili, 655. Saa ya tatu ilikuwa karibu na 960. Na hapo watu wanaingia wanatoka kama kawaida, programu yenye afya ingeenda juu ikashuka, ikapanda ikashuka, hii ilikuwa inapanda tu kama mita ya maji. Mia tatu kwa saa. Nikachukua kikokotoo, 1024 gawanya kwa 300, masaa matatu na kitu. 65536 gawanya kwa 300, masaa 218, siku tisa. Nilicheka peke yangu, siyo kwa furaha. Kumbe kazi yangu yote ya wiki ile ilikuwa ni kununua tanki kubwa zaidi la kuweka chini ya bomba linalovuja.

Kujua kinachovuja nikafanya ls -l kwenye ile fd, karibu zote socket:[namba ndefu], hazikuambii kitu. Ila ss, amri ya kuorodhesha koneksheni, inakuambia:

ss -tanp state close-wait

Ukurasa baada ya ukurasa, zote za PID yetu, zote zinaelekea anwani moja, ile huduma ya ndani tunayoiuliza. Hii CLOSE_WAIT inachanganywa sana na TIME_WAIT lakini ukizijua utaziheshimu tofauti. TIME_WAIT ni kerneli inasubiri kidogo baada ya pande zote kumalizana, haishiki hata namba moja ya prosesi yako, ikijaa usinitafute. CLOSE_WAIT maana yake mwenzako upande wa pili ameshaaga na kufunga, kerneli yako imepokea kwaheri yake, na sasa inasubiri programu yako nayo ifunge. Na itasubiri. Hamna muda wa kuisha, hata mwaka. Kwa hiyo ukiziona nyingi usimtafute mtu wa mtandao, fungua kodi yako.

Nikaifungua. Sehemu inayopiga ile huduma ilikuwa ya kawaida, tuma ombi, cheki kosa, cheki kama jibu ni 200 (yaani sawa), kama siyo 200 rudi na ujumbe wa kosa, halafu chini yake ndo kuna defer resp.Body.Close(), mstari wa kufunga mwili wa jibu. Niliisoma mara tatu nikaona sawa tu. Mara ya nne nikaona mpangilio. Jibu likiwa 200 tunafika kwenye Close. Jibu likiwa 404 (yaani hakipo) tunarudi kabla hatujaufikia ule mstari, mwili wa jibu unabaki wazi, na koneksheni yake inabaki imeshikwa milele.

Nikahesabu 404 za ile huduma kwenye logi kwa saa moja iliyopita. 298.

Nikabaki naiangalia ile namba. Muda wote huo ilikuwa imeandikwa pale kwenye logi, na tulikuwa tunaipita kwa sababu 404 kwetu ilikuwa siyo kosa, ni mtu kauliza kitu ambacho hakipo, kawaida kabisa.

Dawa ilikuwa kuuhamisha ule mstari mmoja mistari minne juu, uwe mara tu baada ya kucheki kosa la ombi. Aliyeuandika pale chini mwanzoni ni mimi, nilienda kucheki kwenye git nikiwa na matumaini ya jina lingine.

65536 nimeiacha, siyo kwa sababu ya uvujaji, ila kwa sababu 1024 ni ndogo kweli kwa seva inayopokea watu. Ile namba ilibaki pale kwa ajili ya programu za zamani zinazotumia select(), njia ya zamani ya kusubiri koneksheni nyingi kwa pamoja, ambayo haiwezi kushughulikia namba kuanzia 1024 kwenda juu, ndo maana hata systemd toleo la 240, Desemba 2018, walipandisha ile limiti ngumu mpaka 524288 lakini laini wakaiacha 1024, anayejiweza ajipandishe mwenyewe. Go nayo kuanzia 1.19 ya mwaka 2022 inajipandisha laini mpaka ngumu bila kuambiwa. Na nafikiri ni vizuri, ila ukikaa kufikiria, na uvujaji wetu ule kwenye mashine mpya ungechukua zaidi ya miezi miwili kuonekana, na katikati hapo tungedeploi (kuweka toleo jipya) mara kumi, kila tukideploi hesabu inaanza upya, yaani tungeishi na ile kasoro hatuijui mpaka kipindi fulani cha likizo ambacho hamna aliyegusa seva. LimitNOFILE=infinity, yaani mpaka dari ya kerneli, siweki popote, kuna programu zikiwaka zinapitia namba zote mpaka kikomo zikifunga moja moja, ukizipa kikomo kikubwa mno utakaa ukisubiri na CPU inaungua.

Nilichoongeza ni kaskripti ka mistari kama kumi, kila dakika tano kanahesabu /proc/PID/fd, kanasoma Max open files ya prosesi hiyo hiyo, ikifika asilimia 70 kanatuma meseji. Na namba yenyewe tunaichora kwenye grafu, maana asilimia inakuambia umekaribia lakini mchoro ndo unakuambia unapanda bila kushuka. Baada ya kudeploi ule mstari uliohamishwa nililiacha dirisha la watch wazi mchana mzima. 61. 74. 66. 59. 70. Nikamtumia yule kaka picha ya skrini, akajibu neno moja, "Umeiuliza."

Kwenye grupu safari hii sikuandika imetatuliwa. Nilisubiri siku ya kumi.